Homa Iliposhuka

Asubuhi za kijiji cha Nambis zina baridi. Marieta alimaliza kukamua ng'ombe, akanawa mikono, akamimina uji kwenye kikombe cha bati. Kikombe hicho kilikuwa cha mtu mmoja tu. Alikipeleka kwenye kijumba kilicho nyuma ya zizi, akakiweka kizingitini. Hakuingia.

Ndani alikuwamo Paskalina, mke wa mwanawe Herman. Siku sita zilikuwa zimepita tangu mimba yake ya miezi mitano iharibike. Familia hii, kama baadhi ya familia za huko, ilishika desturi ya zamani. Mwanamke aliyepoteza mimba hukaa peke yake. Hali chakula pamoja na wenzake. Hapiti karibu na mifugo. Watu huogopa kwamba msiba wake utawafuata.

"Uji huo, mwanangu," Marieta aliita.

"Asante, dada Brightness," Paskalina alijibu kwa sauti ndogo.

Marieta alishtuka. Brightness alikuwa dada yake Paskalina. Alifariki miaka miwili iliyopita.

"Ni usingizi tu," Marieta alijiambia.

Herman alikuwa akimsubiri kwenye lango la zizi. "Anaendeleaje, mama?"

"Amepona. Siku tatu alikuwa moto kama jiko. Leo alfajiri aliponirudishia kikombe, nimegusa vidole vyake. Vimepoa kabisa."

Wakati huo jirani yao Judica alikuwa anapita njiani. Judica ni muuguzi wa zahanati ya kijiji. Alikuwa amerudi jana kutoka semina ya wiki moja Mbulu mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Judica. Leo usitutishe na zahanati yako. Mkwe wangu alikuwa na homa, imeshuka."

"Homa ya nini?"

Herman alitazama chini. "Mimba iliharibika. Wiki iliyopita."

"Anaongea vizuri?"

Marieta alisita. "Ameniita Brightness."

Judica aliacha njia. Alielekea kwenye kijumba.

"Ukiingia humo, usikanyage tena zizini kwangu!" Marieta alifoka.

"Sawa, mama. Sitakanyaga."

Akaingia. Paskalina alikuwa anapumua mbio, kama mtu aliyepanda mlima. Judica alitazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa thelathini na nne. Mikono ilikuwa baridi. Moyo ulikwenda mbio. Damu iliyomtoka ilinuka vibaya. Tangu jana jioni hakuwa amekojoa.

Judica alisimama mlangoni. "Hajapona. Huku kupoa ni mwili unaoshindwa. Tukimwacha hapa mpaka jioni, tutamzika."

Alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Herman alikimbilia zahanati kuleta sanduku la dawa. Judica alimchoma Paskalina sindano ya kuua bakteria, akamtundikia dripu. Lakini gari lingeishia barabarani, na njia ya kufika huko ilipita katikati ya zizi.

Herman na Judica walimbeba kwenye blanketi.

"Nani atashika chupa ya dripu?" Judica aliuliza.

Marieta aliwatazama ng'ombe wake kumi na mmoja. Ndiyo mali yote ya kaya yake.

"Mama," Herman alisema, "ng'ombe watazaliwa wengine."

Marieta aliichukua chupa, akaiinua juu ya kichwa chake. Wakapita katikati ya ng'ombe.

Hospitalini, Paskalina aliingizwa ndani. Marieta na Judica walikaa kwenye benchi.

"Niambie kinachomuua," Marieta alisema. "Kwa maneno ya watu."

"Mwizi wa ng'ombe akiingia kijijini, tunafanyaje?"

"Aliyemwona anapiga yowe. Wote tunatoka mbio."

"Mwilini ni hivyo hivyo. Kwenye damu kuna chembe nyeupe. Hao ni walinzi. Wana vipokezi vya kumtambua adui, vinaitwa vipokezi vya Toll."

"Nyie wasomi, kila kitu lazima mkipe jina."

"Lazima, mama. Kisicho na jina utakitafutaje? Vipokezi hivyo tunazaliwa navyo. Havisubiri kufundishwa. Kimoja kinagusa ganda la bakteria na kulitambua papo hapo: huyu si wa hapa. Kingine kinatambua virusi. Kikishatambua, chembe inapiga yowe. Walinzi wengine wanakuja, homa inapanda. Hiyo ndiyo kinga yetu ya kwanza."

"Basi ni jambo jema."

"Jema sana. Bila kinga hiyo, hata mwiba ungetuua. Lakini mabaki ya mimba yalioza kwenye kizazi cha Paskalina. Bakteria wakaingia kwenye damu. Sasa yowe limepigwa kila kona kwa wakati mmoja. Watu wanakimbia ovyo, wanakanyaga mahindi, wanavunja uzio. Mishipa yake imelegea na inavuja maji. Presha imeshuka. Damu haifiki vizuri mikononi wala kichwani. Ugonjwa huu unaitwa sepsisi."

"Kwa hiyo anauawa na vijidudu, au na walinzi wake?"

"Wote wawili."

Marieta alishika kichwa. "Hakuna dawa ya kuwanyamazisha?"

"Wataalamu wamejaribu kuvifunga vipokezi hivyo. Mpaka sasa haijapatikana dawa iliyofaa. Tunaua bakteria, tunasafisha kizazi, tunarudisha maji mwilini. Na tunawahi."

"Ningemleta siku ya kwanza ya homa?"

Judica hakumficha. "Asingefikia hali hii. Mwanamke aliyejifungua au kupoteza mimba akipata homa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Akitokwa na uchafu unaonuka, akipumua mbio, akipoa na kuchanganyikiwa, usingoje hata saa moja."

"Na desturi yetu?"

"Lieni msiba wenu. Mpeni siku zake za kupumzika. Lakini lazima awepo mtu wa kumgusa na kumtazama."

Siku mbili Paskalina hakumjua mtu. Siku ya tatu alimwita Herman kwa jina lake. Baada ya siku kumi na mbili aliruhusiwa. Alirudi nyumbani amekonda, akaenda moja kwa moja kwenye kile kijumba. Hakuna aliyemwambia aende.

Marieta alimfuata. Akainama, akaingia. Paskalina alijivuta ukutani ili asimguse.

"Mama, huogopi?"

"Naogopa," Marieta alisema. "Sogea kidogo, nikae."