Matundu Manne kwenye Kola

Kila siku nikitoka shule, hata kabla ya kula, nilikuwa na kazi moja: kunawa mikono hadi viwikoni, kuikausha kabisa, halafu kumwonyesha mama mkubwa viganja vyote viwili. Asiporidhika, narudi bombani. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na nimekuwa nikiishi kwake tangu nilipokuwa darasa la nne. Mtaani wanamwita Mama Vifungo. Kwa miaka thelathini alishona sare za wanajeshi kiwandani. Alipostaafu, makumbusho ya mji yakaanza kumletea makoti, kofia, beji na picha za askari wa zamani, awaambie ni za kikosi gani na za miaka gani. Anasoma koti kama wewe unavyosoma gazeti. Atakuambia mshono huu ni wa kiwandani, kifungo hiki kimebadilishwa, na mkono huu ulifupishwa na mke wa askari mwenyewe, tena alikuwa na haraka.

Mimi nilikuwa mwandishi wa lebo. Kuhusu beji kulikuwa na sheria moja, na niliijua kama jina langu: beji haiondolewi, haing'arishwi, wala haiguswi mpaka mama mkubwa aichore daftarini na kuipiga picha. Sasa mtu anaweza kuuliza, kama niliijua sheria, ilikuwaje nikaivunja? Kiherehere, ndugu yangu. Hata mwalimu wa darasa alishaniandikia neno hilo kwenye ripoti.

Ijumaa jioni viliingia visanduku viwili. Cha kwanza kilitoka makumbusho, kina koti moja la askari. Cha pili alikileta bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mtaa wetu. Ndani yake mlikuwa na koti la baba yake na picha iliyopauka ya kijana amesimama kando ya kiti, amekaza uso.

"Baba aliondoka nikiwa tumboni," bibi alisema. "Hakurudi. Sasa makumbusho wanajenga ukuta wa majina ya askari wetu, na orodha inafungwa Jumatatu. Wanataka mtu anayejua mambo haya aweke sahihi kwamba koti ni lake kweli. Nimebaki mimi tu, mwanangu. Nikiondoka mimi, hakuna atakayemtaja tena."

"Njoo Jumapili saa nne, mama," mama mkubwa akamjibu. "Beji sizitazami kwa taa. Nasubiri mwanga wa dirishani."

Jumamosi asubuhi akaenda kliniki kupimwa macho, nikabaki peke yangu. Nilifunua visanduku kwa kutazama tu, naapa. Kila koti lilikuwa na beji moja kolani, ya mviringo, ukubwa wa kizibo cha soda, nyeusi tititi kwa ukoga. Nikamfikiria yule bibi. Nikasema, akiona beji ya baba yake inang'aa, si atafurahi? Nikachukua ndimu na majivu, nikazichomoa beji zote mbili, nikaziweka kwenye sinia, nikasugua mbele na nyuma. Moja ikatokeza gurudumu, nyingine ngoma. Zikang'aa hadi nikajiona shujaa.

Mara geti likalia. Nilishtuka, sinia likaniponyoka, beji zikabiringika chini ya meza. Kumbe alikuwa muuza mkaa tu, anaulizia kama tunahitaji gunia. Nilipoinuka na zile beji mkononi, nikaziangalia kwa zamu. Gurudumu lilikuwa koti lipi? Ngoma je? Sikuwa nimetazama, maana nilipozichomoa zote zilikuwa nyeusi.

Nikabahatisha. Ngoma nikaiweka kwenye koti la bibi. Pini zake zikagoma kuingia kwenye matundu, nikazikandamiza kwa kidole gumba mpaka zikatoboa kitambaa. Nikakunja, nikafunika, nikarudisha visanduku kwenye rafu, nikafuta meza.

Mama mkubwa aliporudi alivua viatu, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mchana, "Visanduku hujavigusa?"

"Sijavigusa, mama mkubwa."

"Haya."

Hilo "haya" lilinimaliza. Hakunichunguza hata usoni, kwa sababu alikuwa akiniamini. Kila alipopita karibu na rafu nilibana pumzi.

Jumapili saa nne kamili bibi akafika, amevaa gauni lake la kutokea. Mama mkubwa akalisogeza koti dirishani, akatoa kioo chake cha kukuzia. Mimi nilisimama mlangoni na daftari la lebo. Aliangalia mishono, akaitikia kwa kichwa. Akafunua bitana, akakuta namba nne zimeandikwa kwa wino, akaitikia tena. Kisha akafika kwenye kola, akainama zaidi. Akainusa beji.

"Mama," alisema polepole, "baba yako alikuwa nani jeshini?"

"Dereva wa magari ya mizigo. Mama yangu aliniambia hivyo mpaka anaingia kaburini."

"Madereva walivaa gurudumu. Hii ni ngoma, beji ya watu wa bendi. Tena imesuguliwa juzijuzi, bado inanuka ndimu." Akamsogezea kile kioo. "Tazama kola. Matundu mawili ni ya zamani, yamelala kushoto na kulia, yana kutu. Haya mengine mawili yako juu na chini, na nyuzi zake zimekatika sasa hivi, bado nyeupe. Kuna mtu ameondoa beji iliyokuwepo akabandika hii. Nimeyaona sana haya. Watu hubandika beji ili koti lipate thamani."

Bibi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akakiweka kioo mezani. "Unaniambia mimi nimeghushi koti la baba yangu?"

"Sisemi ni wewe. Nasema siwezi kuweka sahihi. Nikiiweka, makumbusho hawataniamini tena, na watakuwa na haki."

"Limekaa ndani ya sanduku langu miaka yote hii. Nani angeligusa?"

Ungenichanja wembe wakati ule usingepata damu. Nilijua nikifungua mdomo nimekwisha: nitaitwa mwongo, nitarudishwa kwa mama, chumba cha makoti sitakiona tena. Nikajiambia labda watalimaliza wenyewe. Labda mama mkubwa atabadili mawazo. Lakini bibi alikuwa ameshaanza kulikunja koti, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Hakugombana. Alipoinuka alikuwa anatazama chini, mtu aliyezalisha mtaa mzima, kwa aibu isiyo yake. Akapita mbele yangu akielekea mlangoni.

"Ni mimi!"

Sauti ilitoka kali mpaka nikajitisha mwenyewe. Wote wawili wakanigeukia.

"Ni mimi, mama mkubwa. Nilizitoa zote mbili nikazing'arisha, zikaanguka, nikazichanganya. Nilikudanganya jana. Bibi hajafanya kitu." Halafu kilio kikanishika, nikashindwa kuendelea.

Nilisubiri kofi au kelele. Mama mkubwa aliliteremsha sanduku la makumbusho, akafunua kola ya lile koti la pili. Matundu manne. Mawili ya zamani yalikuwa juu na chini, sawasawa na pini za ngoma. Akalichomoa gurudumu, akamwomba bibi koti, akalijaribisha kwenye matundu yenye kutu. Liliingia lenyewe bila kusukumwa.

"Bado," alisema. "Magurudumu yalikuwa mengi. Nataka nijue kama ni hili." Akaligeuza nyuma, akasogea dirishani kabisa. "Askari walikuwa wakikwaruza namba zao hapa kwa msumari, wasiibiane."

Akatazama muda mrefu mno. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, nakumbuka jinsi nilivyousugua huo upande wa nyuma kwa nguvu zangu zote.

"Zilikuwa namba nne," alisema. "Mbili zimefutika. Zimebaki saba na tatu, mwishoni." Akafunua bitana ya koti. Namba ya wino iliishia na saba na tatu.

Bibi akakaa chini. Akaomba ile beji, akapitisha ncha ya kidole kwenye ile mikwaruzo miwili. "Aliandika kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, mama. Nisamehe kwa niliyokutamkia."

"Na hizi nyingine mbili hazirudi?"

"Hazirudi."

Bibi akanitazama. Hakunikaripia. Alisema tu, "Ningependa kuziona," na afadhali angenichapa.

Mama mkubwa akajaza fomu, akaweka sahihi. Kisha akanisukumia karatasi. "Andika hapa chini wewe mwenyewe. Ulifanya nini, lini, na nini kimepotea." Niliandika mistari minne kwa herufi kubwa, ikachukua nafasi ya sita.

Jumatatu tulikwenda makumbusho watatu kabla ya kengele ya shule. Karani alisoma fomu, akafika kwenye mistari yangu, akavua miwani. "Hii nani kaandika?"

Hofu ikanirudia yote, lakini sikumngoja mama mkubwa. "Mimi. Nilizing'arisha bila ruhusa, nikazichanganya, halafu nikadanganya."

Akanitazama juu hadi chini, akapiga mhuri. Akavuta lile daftari kubwa la orodha, akaandika, kisha akalisoma jina la baba yake bibi kwa sauti, majina yote matatu. Bibi alikuwa amesimama wima kama anaitwa yeye. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Njiani kuelekea shuleni nikamuuliza mama mkubwa kama atanirudisha nyumbani.

"Nikurudishe ukamharibie mama yako vyombo?" alisema, halafu akaacha utani. "Nisikilize. Kuharibu ulishaharibu, zile namba mbili hata mimi siwezi kuzirudisha. Hilo nitakusamehe, maana hata mimi nikiwa msichana kiwandani niliwahi kukata koti la ofisa kinyumenyume. Lakini jana nilimwambia mama mzima, mtu wa heshima, maneno ya kumvunja moyo, kwa sababu nilikuuliza swali Jumamosi na wewe ukanijibu uongo. Kazi hii yote ni kusoma alama. Mtu akidanganya, anamfanya mwenzake asome vibaya, na anayeumia si yule aliyedanganya. Ukikosea, njoo uniambie saa hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama mkubwa."

"Haya, kimbia. Kengele imeshalia."