Barua Iliyokuwa kwa Memori

Beshte yangu Calvince, mwenye digrii kama yangu isiyonunua hata sukuma, alipata kibarua mwaka wa '97 cha kutunza seva, kompyuta kuu ya kiwanda fulani Thika. Programu yake iliunganisha mafaili ya diski na mengine yanayoishi kwa memori tu, yote yakaonekana folda moja. Ya memori hufutika stima ikipotea.

Siku moja saa nane mchana stima ikapotea. Chumba cha seva hakina dirisha, na alikuwa peke yake. Giza tii, feni kimya. Akasikia kibodi ikibonyezwa, polepole.

Stima iliporudi, upande wa memori ulikuwa na faili moja: barua ya kumfuta kazi, tarehe Ijumaa ijayo, chini ina jina la Dalmas, roommate wake Makongeni, jobless kama mimi.

Jioni alimkuta Dalmas akipiga shati pasi.

"Buda, kesho niko na interview huko kwenu kiwandani. Mbona hukuniambia kuna nafasi ya meneja?"