Oili Iliyoingia Mtaroni

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, maji ya mtaro nyuma ya gereji yalikuwa yaking'aa rangi tatu: zambarau, kijani na njano.

Fundi aliyaona akiwa na kikombe cha chai mkononi. Watu wote walimwita Spana, kwa sababu hakutoka nyumbani bila spana mfukoni. Jina lake halisi lilitumiwa na mkewe tu, tena siku za hasira. Alizifuata zile rangi kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka kwenye pipa lake la oili chafu.

Pipa lilikuwa limetoboka chini. Oili nyeusi ilitoka polepole kama uji mzito, ikapita chini ya ua, ikaingia mtaroni.

"Mama Pacha! Lete sabuni ya unga! Yote!"

Mkewe alitoka na pakiti mbili. Alitazama pipa, kisha akamtazama mumewe.

"Nilikuambia kuhusu kutu ya hilo pipa. Nilikuambia tangu pacha wetu hawajaota hata meno."

"Leo si siku ya kukumbushana."

"Siku yake ilikuwa lini, basi?"

Kwa miaka minane Spana alikuwa akihifadhi oili ya magari humo. Aliipaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile. Wakati wa jua kali aliimwaga uani ili vumbi litulie. Fundi aliyemfundisha kazi alifanya hivyo hivyo. Kwa Spana, oili chafu haikuwa taka. Ilikuwa dawa.

Alimwaga sabuni mtaroni, akafungulia mpira wa maji. Mikono yake aliiosha kwa sabuni hiyo kila jioni, na oili ilitoka. Aliona mtaro nao utatakata vivyo hivyo.

"Funga maji! Fundi, funga hayo maji!"

Jirani yao alikuwa anaruka ua, viatu mkononi. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima na mito. Mkoba wake uliojaa chupa za kupimia ulilia kama duka la vyombo, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Dada Chupa.

"Nasafisha, dada," alisema Spana.

"Husafishi, unasukuma. Sasa hivi oili inaelea, tunaweza kuikamata. Sabuni inaikatakata vipande vidogo vinavyochanganyika na maji. Ikishachanganyika, utaikamata na nini? Na sabuni yenyewe inaua vyura."

Spana alifunga maji. Kisha akakumbuka jambo.

"Kisima. Pacha wamekunywa maji asubuhi hii."

"Kisima kiko upande wa juu. Mtaro unateremka. Kisima ni salama."

Spana alikaa juu ya tairi na kushusha pumzi.

"Afadhali. Basi yamekwisha. Huko chini kuna bwawa tu. Hakuna anayekunywa maji ya bwawa."

"Hakuna mtu anayekunywa," alisema Dada Chupa, akaonyesha kwa kidole.

Hatua sitini chini, katikati ya matete, bata mwitu alikuwa ameatamia mayai. Spana alimfahamu vizuri. Kila siku bata huyo alipita kati ya magari, shingo juu, akitazama huku na huku, na kuchafua vioo vilivyotoka kufutwa. Spana alimwita Bi Mkaguzi.

"Ningeweza kukutisha kwamba oili itafika kisimani," alisema Dada Chupa. "Haitafika. Itafika kwake. Manyoya ya bata yakiloa oili hayazuii maji tena. Anapata baridi, anashindwa kuelea. Akirudi kwenye kiota anaipaka mayai, na kifaranga hupata hewa kupitia vitundu vya ganda. Vyura nao wanapumua kwa ngozi. Hao hawana kisima cha upande wa juu."

"Ni bata, dada."

"Ndiyo, ni bata. Na oili ni ya nani?"

Spana alitazama juu. Wingu zito lilikuwa limeshafunika nusu ya anga.

"Mvua itaanza lini?"

"Chini ya saa moja. Ikitukuta hatujaziba mtaro, oili yote itashuka bwawani kwa mkupuo."

Spana aliinuka. Alililaza pipa ili tundu liwe juu, na oili ikaacha kutoka. Mama Pacha alianza kujaza udongo kwenye magunia.

Hapo hapo lori liliingia. Dereva alichungulia dirishani.

"Fundi! Breki zangu uliniahidi saa tatu."

"Nisubiri kidogo, kaka. Oili inakwenda bwawani, vyura watakufa."

"Unaacha lori langu kwa sababu ya vyura? Vyura wana lori?"

"Shemeji," alisema Mama Pacha, "shika beleshi au shika njia."

Dereva alikumbuka breki zake zilivyo. Akashika beleshi. "Nikisimuliwa haya nitakana," alinung'unika.

Walipanga magunia kukatiza mtaro, hatua arobaini chini ya gereji. Saa tatu kasorobo matone ya kwanza yalianguka.

Dada Chupa alisimama ghafla.

"Ngoja. Tukiziba kabisa, maji ya mvua yatajaa na kumwagikia upande wa pili pamoja na oili. Lazima maji yapite, oili ibaki."

"Oili iko juu, maji yako chini," alisema Spana taratibu, kama mtu anayesikiliza injini. "Kwa hiyo tundu liwe chini."

"Hasa. Tunahitaji bomba."

Spana alikuwa ameshakimbia. Alirudi na mabomba mawili ya plastiki, mapya, aliyonunua kwa ajili ya bafu la Mama Pacha.

"Bafu langu!" alisema mkewe. Kisha akayapokea na kuanza kuyapanga.

"Mdomo wa huku uguse chini kabisa," alielekeza Dada Chupa. "Mdomo wa kule uinuke kidogo. Maji yataingia kwa chini na kutokea kwa juu. Oili haitafikia mdomo."

Waliyabana mabomba kwa udongo. Mvua ikashuka.

Maji yalipanda nyuma ya magunia, na oili ikapanda nayo, nyeusi, ikizunguka. Vilibaki vidole vinne kufika ukingoni. Vitatu. Gunia moja liliteleza. Dereva alilikalia. Mama Pacha aliongeza udongo kwa mikono. Vidole viwili.

"Mbona hayapiti?" alifoka Spana.

"Yanapita. Hayajazidi yanayoingia."

Kidole kimoja na nusu. Mabomba yalikohoa, yakatema matope, kisha maji yakatoka kwa nguvu. Walitazama ukingo. Maji yaliacha kupanda.

Saa nne na dakika kumi mvua ilikatika. Dada Chupa alikinga chupa chini ya bomba na kuiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo. Juu yake hapakuwa na rangi tatu.

"Andika, oili haikuonekana," alisema Spana.

"Naandika pia vyura kumi na mmoja waliokufa kati ya gereji na magunia."

Spana alikwenda kuwaona. Aliwazika mwenyewe.

Mchana walimwaga maranda ya mbao juu ya oili. Maranda yaliifyonza. Waliyachota na kuyafunga kwenye madebe. Baadaye mapipa mapya yenye vifuniko yaliwekwa juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, na kila mwezi gari la wakusanyaji wa oili chafu likawa linakuja kuichukua. Spana alitandaza kokoto uani kutuliza vumbi. Nguzo za ua alibadilisha, akaweka za chuma. Mama Pacha alipata bafu lake, mwezi mmoja baada ya siku aliyoahidiwa.

Siku ya kumi na tisa baada ya mvua, saa moja asubuhi, Bi Mkaguzi alitoka kwenye matete na kuingia gereji. Nyuma yake walikuwepo vifaranga saba, katika mstari. Lori la yule dereva lilikuwa linaingia getini.

Spana aliinua mkono.

Dereva alikanyaga breki. Lori lilisimama pale pale, na bata wakapita.