Maranda Barabarani

Kila asubuhi Seremala alifagia karakana yake. Maranda ya mbao aliyajaza kwenye gunia, kisha akayamwaga kwenye shimo lililokuwa barabarani, mbele ya mlango wake. Akayakanyaga mpaka yakalala. Alijiona raia mwema kweli kweli. Mvua ikinyesha, shimo lilirudi, tena kubwa zaidi.

Seremala alikuwa na pikapu. Hata kiti kimoja cha mteja wa nyumba ya tano alikipeleka kwa pikapu. Akimaliza, aliiegesha ukingoni mwa barabara, pale watu wanapopita kwa miguu.

Aliishi na mama yake. Dada wa mama alikuwa mgonjwa, na nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaa huohuo. Zamani mama alimtembelea kila siku na fimbo yake. Sasa pikapu iliziba njia, ikabidi apite kwenye magari. Siku moja lori lilimpita karibu mno, akaanguka. Tangu hapo alikaa dirishani.

"Nitakupeleka kwa gari, mama," alisema Seremala.

"Lini, mwanangu?"

"Nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana.

Kisha tangazo likatoka: wenye magari watachangia barabara, na gari zito litalipa zaidi. Seremala alifoka.

"Barabara ni ya serikali. Serikali ilipe."

Jirani yake, mama mmoja fundi wa barabara, alicheka. "Kesho tunachimba mbele ya kwako. Njoo uangalie, fundi mwenzangu."

Kesho yake Seremala alisimama kando ya shimo lililofika kifuani. Alikuja kubishana, lakini akainama kutazama. Lami ilikuwa nyembamba, haizidi kiganja. Chini yake kulikuwa na mawe yaliyopondwa, yakabanana bila mwanya. Chini ya mawe, kokoto. Chini ya kokoto, udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama tofali. Akashuka, akapapasa kila tabaka. Kazi safi aliijua akiiona. Miaka yote alikuwa akikanyaga kazi hii, na hakujua.

"Ajabu," alisema polepole. "Mikono mingapi imefanya haya?"

"Mingi. Sasa tazama hapa."

Mahali pamoja palikuwa peusi, pameoza, panatiririka maji. Yalikuwa maranda yake. Yalinyonya mvua, yakaitunza, maji yakashuka na kulegeza kila kitu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema jirani. "Nawe ukaziba, lakini kwa maranda."

Seremala hakucheka. "Nani alilipia kazi hii yote?"

"Wewe, mimi, na mama yako."

"Mama hana gari."

"Ananunua sabuni na sukari. Humo mna kodi. Mguu wake hauichoshi barabara. Lakini magurudumu yakibebeshwa uzito mara mbili, barabara haiumii mara mbili. Huumia kama mara kumi na sita. Aumizaye zaidi si ndiye achangie zaidi? Mama yako amelipa miaka yote, na pa kupita hana."

Seremala aliinua macho. Mama yake alikuwa dirishani, anawatazama. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kwenye mkutano wa mtaa yeye ndiye aliyesema kwanza. Alikubali kuchangia, akaomba njia ya miguu ijengwe. Pikapu akaihamishia uani. Ikawa ya mizigo mikubwa tu.

Njia ilipokamilika, mama alitoka. Akaigonga kwa fimbo.

"Chini mna nini?"

Seremala alimweleza mawe, kokoto, na udongo ulioshindiliwa. Mama alisikiliza mdomo wazi.

"Yote hayo kwa ajili ya miguu yangu hii?"

"Ulikwisha kuilipia, mama. Tulikuchelewesha tu."

Mama alianza kutembea kwenda kwa dada yake. Seremala alimfuata nyuma, polepole, amebeba begani kiti cha mteja wa nyumba ya tano.