Taa Zangu za Korido Hazikumwona Mke Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na minane, na ninaogopa korido ya nyumba yangu mwenyewe.

Msicheke. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Niliacha shule darasa la tatu, nikaingia soko la mbuzi Kiamaiko bila viatu. Nilianza kwa kubeba ngozi, nikawa mchinjaji, mwishowe nikawa na mbuzi wangu mwenyewe. Damu haijawahi kunishtua. Nyumba yangu ya Njiru niliijenga kwa jasho langu, na hakuna mwenye digrii aliyeniambia mlango ukae wapi. Lakini leo nikifika pale korido inapoanzia, nasita kwanza...

Korido yenyewe ni ndefu. Inatoka sebuleni, inapita jikoni na chooni, inaishia chumbani kwetu. Zamani ilikuwa na dirisha mwishoni. Halafu jirani akapandisha ghorofa zake hadi zikagusana na ukuta wangu. Dirisha likabaki linatazama mawe! Tangu hapo, hata saa sita mchana, humo ndani ni kama umevishwa gunia kichwani.

Mke wangu, Mama Kioko, ana ugonjwa wa sukari, na macho yake yamechoka. Aliniomba kitu kimoja tu. Balbu mbili za kawaida, na swichi kila upande, ziachwe zikiwaka hata mchana.

"Ziwake mchana kutwa, zikimmulikia nani?" nikamuuliza.

"Mimi," akasema.

Nilidhani ananitania. Tokeni za stima nanunua mimi! Nikaenda Eastleigh peke yangu, bila fundi, bila yeye. Kwenye duka moja muuzaji alipitisha mkono chini ya taa ya duara, ikawaka yenyewe! Akatulia tuli, ikazima.

"Mzee wangu, hii ina macho," akaniambia. "Hakuna mtu, hakuna stima."

Nilijiona mfalme. Mimi niliyekulia kwenye moshi wa koroboi, nimiliki taa inayonijua nikipita? Nikabeba za kutosha korido nzima.

Otieno, fundi wa stima wa mtaani kwetu Njiru, alizigeuzageuza akacheka. "Mzee, sasa nikipumzika kidogo hapa juu ya ngazi, itanizimia?"

"Funga taa, na mdomo pia ufunge," nikamwambia.

Aliuliza kama aweke angalau swichi moja ya kuzilazimisha ziwake. Nikakataa kabisa. Sikutaka mtu aniwashie stima bure nikiwa sokoni.

Wageni wa kanisa walipokuja nilitangulia mbele yao, taa zikawaka moja baada ya nyingine, wakasema ai! ai! Kifua kikanijaa. Lakini Mama Kioko miguu humuuma. Alikuwa akifika katikati anashika ukuta apumue... na taa inazima. Nilikuwa namsikia kutoka sebuleni akipunga mikono gizani, bangili zikilia.

"Baba Kioko, taa yako inaniswaga," alilalamika siku moja. "Mimi si mbuzi."

"Basi tembea!" nikamjibu, nikacheka.

Natamani ningelimeza neno hilo.

Ilikuwa Jumamosi, jua bado kali. Nilirudi kutoka Kiamaiko, nikamwita. Kimya. Nikachungulia koridoni. Giza tupu.

Mtaniuliza, kwa nini sikuingia? Kwa sababu nilikuwa nimenunua taa zenye macho! Kwangu mimi giza lilimaanisha hakuna mtu. Nikakasirika, nikiwaza ameenda kwa chama cha kina mama bila kuniwekea chakula. Nikajimiminia chai ya thamosi. Nikawasha televisheni, mpira ulikuwa unachezwa. Nikakohoa, nikaongeza sauti. Nikakaa.

Chai iliisha. Ndipo simu ikalia... na haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama Kioko, na ililia kutoka ndani ya lile giza!

Nikasimama. Kule mwisho wa korido, sakafuni, kulikuwa na mwanga mdogo wa buluu ukitetemeka. Nikaita, "Mama Kioko?" Simu ikanyamaza, mwanga ukafa. Nikabaki nasikiliza. Kulikuwa na pumzi mle ndani. Nzito, ya kukoroma, inakatika halafu inarudi. Ndugu zangu, pumzi ile naijua! Nimeisikia maisha yangu yote kazini.

Nikapiga hatua. Taa ya kwanza ikawaka. Nikapiga nyingine, ya pili ikawaka. Zilikuwa zinaniwakia mimi! Na chini ya ile ya mwisho alikuwa mke wangu, kifudifudi, leso imelowa jasho, mkono mmoja umenyooka kuelekea sebuleni.

Nilipiga mayowe kama mtoto. Otieno alikuja mbio, akanisaidia kufungua geti lililokuwa limenishinda. Tukambeba hadi hospitali. Sukari ilikuwa imeshuka, akaishiwa nguvu, akaanguka.

Binti yetu Ndunge, ndiye aliyekuwa amepiga ile simu, alitukuta huko. Nesi akauliza, "Alikuwa peke yake nyumbani?"

Nikasema ndiyo. Woga ulinishika, nikadanganya mbele ya mwanangu!

Mama Kioko alipopata sauti, hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, Ndunge akisikia, "Nilikusikia ukikohoa. Nilikusikia ukiongeza sauti ya televisheni. Nilijaribu kuinua mkono ili taa inione... mkono ukakataa kuinuka."

Ndunge hakuniangalia. Alimchukua mama yake hadi kwake Umoja, naye Mama Kioko akasema harudi kwenye nyumba isiyomjua mpaka atembee.

Nikabaki mimi na zile taa. Je, mnajua hofu? Ni kukaa kwenye kiti chako, na taa ya mwisho, ile ile, inawaka yenyewe na hakuna mtu! Otieno alisema zimeharibika. Mimi nilihamishia blanketi kwenye kochi. Nilinawia nje kwenye mfereji, mwenye nyumba mzima, nikiogopa kupita mahali nilipojenga mimi.

Zote zikang'olewa. Nikaweka balbu mbili na swichi kila upande, nikapeleka ujumbe Umoja.

Alikuja na Ndunge. Hakunisalimia. Aliwasha swichi, akaenda hadi katikati ya korido, akasimama. Hakushika ukuta. Hakupunga mkono. Alisimama tu, tuli! Nami mlangoni, nikitazama juu. Je, stima ikipotea sasa hivi? Je, akigeuka aondoke?

Taa haikuzima.

"Mbona umesimama hapo kama mwizi?" akasema mwishowe. "Weka chai."

Nawasihi, hasa wazee wenzangu wenye vichwa vigumu! Kabla hujanunua taa, muulize anayepita pale kila siku, hasa yule anayepita polepole. Mimi zangu zinawaka mchana kutwa, na tokeni ziishe. Woga bado ninao. Nikimwita asipoitika mara moja naacha kila kitu, nakimbia hadi mlango wa bafu, naye ananipigia kelele, "Baba Kioko, mtu haogi kwako?"

Apige tu kelele. Nawe ukiita kwako usijibiwe, usingoje taa ikuambie kuna mtu au hakuna. Ingia.