Mara ya Mia Tatu na Kumi

Simu ilipokelewa saa sita mchana, mara ya mia tatu na kumi kupigwa. Zarmina aliisoma tena namba kwenye skrini, maana mwenye namba, Sher Bahadur, alizikwa Jumamosi, na Nisar wa meza ya pili hapo ofisini alibeba jeneza.

Programu ya kuwapigia wachangia damu wa Peshawar aliiandika yeye mwenyewe. Juu ya kazi ya kupiga simu alibandika maagizo mawili: ikishindikana, ijaribu tena, na apigiwe mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, wengine wangoje foleni. Idadi ya kujaribu hakuiwekea ukomo. Programu haina aibu. Ukiiambia ing'ang'anie, inang'ang'ania mpaka kaburini. Lakini binti yake Palwasha, miaka saba, alikuwa hospitali ng'ambo ya barabara akingoja kuongezewa damu, na katika orodha nzima mwenye damu yake adimu alikuwa marehemu peke yake.

Spika ilitoa pumzi nzito. Ofisi ikanuka kafuri na udongo mbichi.

"Futa hayo maagizo, dada," Nisar alinong'ona. Baba yake alikuwa mwandika hirizi. "Huyo si Sher Bahadur. Umegonga mno, amefungua mwingine."

"Nikifuta, nani atampa mwanangu damu? Wewe?"

Nisar akarudi nyuma hatua moja.

"Umeniita sana, mama," sauti ya kwenye spika ikasema kwa upole. "Nije?"

Kidole cha Zarmina kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta, na alijua kabisa anachozungumza nacho si binadamu, lakini akilini alimwona Palwasha kama alivyomwacha asubuhi, midomo imepauka, akiomba maji asiyoweza kuyameza, na uchungu wa mwana ukamzidi nguvu, akakiondoa kidole polepole, machozi yakimtiririka, akasema, "Njoo."

Alivuka barabara mbio. Palwasha alikuwa ameketi kitandani, mashavu yamejaa damu, anararua mkate wa naan kwa mikono miwili. Muuguzi alikuwa akimshukuru Mungu. Zarmina akamkumbatia mwanawe, akalia kwa furaha.

"Ahsante kwa kunikaribisha," mtoto akasema, akiendelea kutafuna.

Simu ya Zarmina ikaita. Ilikuwa namba ya ofisini.

"Mama," kilisema kisauti alichokijua tangu kilipolia siku ya kuzaliwa, "nimeambiwa ningoje foleni. Anaruhusiwa mmoja tu, na huyo aliyeingia hataki kutoka."