Abiria wa Kiti cha Mbele

Boti ilikuwa imelalia kushoto.

Mtu mwingine asingeliona hilo, maana ulalo wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini Nahodha alikuwa ameishi na boti ile miaka mingi, akiijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Alisimama gatini na mwavuli wake uliovunjika njiti, mvua ikimlowesha upande mmoja, akaitazama. Kisha akashuka, akafungua mbao za sakafuni kuangalia kama imeingiza maji. Palikuwa pakavu. Tangi, betri na nanga, vyote vilikuwa mahali pake. Akayahamishia madumu ya mafuta upande wa kulia mpaka boti ikakaa sawa, akajisemea kwamba uzee umeanza kumchezea, akaenda nyumbani.

Kesho yake aliikuta imeinamisha pua. Ni kana kwamba mtu mzito alikuwa amechoka kukaa kushoto, akahamia kiti cha mbele.

Ilikuwa boti ya kukodi nzimanzima. Ukishaikodi ni yako na watu wako kutwa, hupangiwi mtu usiyemjua ubavuni. Kiangazi wageni walimiminika kisiwani na boti haikupata hata nafasi ya kuoshwa vizuri. Masika yakiingia, gati lilibaki la Nahodha na kunguru. Viti vya plastiki vya gatini vilipangwa juu kwa juu, dirisha la tiketi likafungwa kwa ubao, na kivuko cha kwenda ng'ambo kikasimamishwa mpaka bahari itulie. Miaka ya nyuma Nahodha aliyapenda masika, maana ndiyo yaliyokuwa likizo yake na mkewe.

Mkewe gatini walimwita Bi Kamba, kwa jinsi alivyoweza kurusha kamba ikanasa kwenye nguzo bila kukatiza mazungumzo yake. Walifanya kazi pamoja, mume kwenye usukani, mke kwa wageni. Yeye ndiye aliyewapokea, kila siku kwa maneno yaleyale: "Karibuni. Kaeni mnapopenda. Boti hii ni yenu mpaka tutakapowaambia shukeni." Wakifika kwenye fungu la mchanga, lile linaloibuka katikati ya mkondo maji yakitoka, Bi Kamba alibaki pale na wageni. Nahodha alirudi gatini kuchukua kilichosahauliwa, kwa kuwa hakuna wageni wasiosahau kitu. Akiondoa boti aliwaambia, "Tulieni, nitarudi kuwachukua." Na mkewe alimjibu, "Usichelewe." Hata binti yao wa pekee alilelewa katika boti ile. Kabla hajajua kusoma alikwishafundishwa na mama yake kwamba boti ikizama kidogo ujue kuna mtu anapanda, sogea umpishe.

Bi Kamba alikufa mwishoni mwa kiangazi, kwa homa iliyoanza kama mzaha. Binti alikuwa ng'ambo na mtoto mchanga. Alikuja kuzika, akarudi kwa mumewe. Nahodha akabaki na nyumba ambayo ukikohoa inakuitikia.

Sasa, injini ya boti haitaki kukaa bure. Usipoiwasha mara kwa mara inajifia, kwa hiyo kila baada ya siku chache Nahodha aliitoa mpaka mlango wa bandari, akageuza, akarudi. Peke yake. Alasiri moja ya mvua nyembamba, kabla hajawasha, aligeuka akaviona viti vitupu vya boti vimepangwa vikimtazama, na upweke ukamshika. Basi akafanya kitu cha kipuuzi. Alivua kofia akaviambia viti, kwa sauti ya mkewe kadiri alivyoweza kuiiga, "Karibuni. Kaeni mnapopenda. Boti hii ni yenu mpaka tutakapowaambia shukeni."

Boti ikazama kidogo.

Alidhani ni wimbi. Akajicheka, akawasha, akazunguka, akarudi, akafunga kamba, akaenda zake. Hakumwambia mtu yeyote ashuke. Angemwambia nani?

Ndipo ulalo ulipoanza, na baada ya ulalo ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizoanikwa ndani zikagoma kukauka. Nahodha aliijua. Ndiyo iliyojaa chumbani kwao siku za mwisho za Bi Kamba, alipokuwa akimfulia mashuka kila siku na kuyatandaza juu ya milango, akiogopa majirani wakiyaona kambani watajua hali ilivyo. Sasa ilitoka kwenye kiti cha mbele, chini ya paa lisilovuja, na mto wa kiti hicho ulikuwa umelowa na kubonyea. Aliufuta kwa taulo, akaupiga makofi ukainuka. Alipogeuka kutundika taulo, ulibonyea tena taratibu.

Mtu mwenye akili zake angeshuka hapohapo asirudi. Nahodha alikaa.

Siku iliyofuata upepo ulikuwa mkali, akarudi gatini akiwaza jinsi ya kuachia usukani na kuruka na kamba kwa wakati mmoja, kazi isiyomfaa mtu wa umri wake. Alipotupa jicho mbele, kamba ilikuwa imekwishazungushwa kwenye nguzo. Fundo lilikuwa la kinyume, limepindwa kama linaloonekana kwenye kioo. Aliliona hilo, akaamua kutoliona.

"Ahsante, mke wangu," alisema.

Tangu hapo hakukosa siku. Alikuja na chupa ya chai na vikombe viwili, akawasha injini hata isipohitaji, akapiga soga na kiti. Aliongea habari za paa la nyumba, za mguu wake, za fundi injini ambaye kila kifaa kikiharibika humlaumu marehemu babu yake aliyemrithisha spana. Kikombe cha pili alikikuta kitupu kila mara. Zilikuwa siku nzuri, tuseme ukweli. Alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Na binti yake alipompigia simu kwamba mume amehamishiwa kazi ya mbali, kwamba anataka kuja kuishi naye, yeye na mtoto, Nahodha alilia kwa furaha, kisha akaenda mbio gatini kukipa kiti cha mbele habari hiyo. Kwa kuwa kivuko kilikuwa kimesimama, angewafuata ng'ambo mwenyewe, kwa boti hii, mvua ikipungua tu.

Boti iliinama mbele kuliko ilivyowahi kuinama.

Wiki hiyohiyo alipata mteja, mpima ardhi aliyetaka kupelekwa upande wa pili wa kisiwa kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na maji. Alikuwa kijana mpole, aliyekumbatia vifaa vyake kama mtu aliyebeba mayai. Njia nzima Nahodha alimsikia akinong'ona, akadhani anahesabu vipimo vyake. Walipofika, kijana alishusha vifaa kwanza, kisha akarudi kusema neno.

"Mzee, sipendi kulalamika. Nilikodi boti nzima ili nisibanane na mtu. Hukuniambia kama mama naye anakuja."

"Mama gani?"

Kijana alielekeza kidevu kwenye kiti cha mbele, bila kukitazama. "Si mkorofi. Ila tangu tutoke ananiuliza mtoto anakuja lini. Nikamwambia mimi sina mtoto. Akasema huyo wa binti. Nikamwambia basi mtafutieni kiti, akasema hakuna haja, atampakata."

Nahodha alizima injini.

"Jambo jingine, mzee, na usinione mwendawazimu," kijana aliendelea, sauti ikipungua. "Mimi kazi yangu ni kupima. Yule mama amekaa, lakini kichwa chake kiko sawa na chako ukisimama."

Hakungoja kurudishwa. Alisema atatembea kwa miguu, tope au si tope.

Nahodha aliirudisha boti akiwa ameegemea usukani kama mlevi. Hakugeuza shingo, na kwa mara ya kwanza ukimya wa kiti cha mbele haukuwa wa mtu anayesikiliza, ulikuwa wa mtu anayengoja. Alifikia moja kwa moja kwa fundi injini, akamweleza yote. Fundi hakucheka. Alifuta mikono yake yenye grisi, akampeleka kwa mganga.

Mganga alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, aliyetibu watu katika chumba cha nyuma ya duka la nyuzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akataka kujua ni maneno gani hasa aliyoyatamka siku ile. Nahodha aliyarudia.

"Huyo hakukuingilia kwa wizi," mganga alisema. "Ulimkaribisha akaja. Ulimwambia boti ni yake mpaka umwambie ashuke. Umemwambia?"

Nahodha alitikisa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto aombaye kitu anachojua hatapewa, "Siye mke wangu?"

Mganga alivua miwani. "Mkeo alikuwa mrefu hivyo?"

Alimpa maelekezo mafupi. Ampeleke mahali asipolala mtu. Amwambie ashuke, kwa neno lile analowashushia wageni, maana aliingia kwa maneno ya kuwakaribisha wageni. Akishasema, afunge mdomo mpaka afike gatini. "Mdomo wako ndio mlango wake," mganga alimwambia. "Neno lolote utakaloliacha nyuma, atalishika."

Alichagua fungu la mchanga. Aliondoka asubuhi, mbingu zimefunga kiza cha mvua, maji ya rangi ya jivu, na tangu anafungua kamba alijua kwamba kiti cha mbele kinajua. Harufu ya mashuka mabichi ilijaa boti yote, ikamwingia puani na kooni, na kadiri alivyolikaribia fungu ndivyo ilivyozidi kuwa harufu ya chumba chao, ya dawa na ya jasho la homa, mpaka akaanza kusikia, katikati ya mlio wa injini na mvua ikipiga paa, pumzi ya mgonjwa akivuta na kuachia, akivuta na kuachia, vilevile kama alivyokuwa akiisikiliza akiwa macho kitandani, akiomba isikome na akiogopa kuigusa, na ilimbidi aushike usukani kwa mikono miwili asije akauacha akaenda kupiga magoti mbele ya kile kiti na kuomba msamaha kwa kuwa, pumzi ya mwisho ilipotoka, yeye alikuwa amesinzia.

Pua ya boti ikagusa mchanga.

"Tumefika," alisema, sauti ikimkatika. "Shukeni."

Hakuna kilichotikisika. Mvua ilinyesha. Pumzi ilivuta, ikaachia.

"Shukeni," alisema tena, akilia waziwazi sasa. "Mjukuu wangu anakuja. Tafadhali. Shukeni."

Boti ikainuka. Iliinuka kwa kishindo, mpaka vikombe viwili vikaanguka vikagongana sakafuni, na mchangani pakatokea nyayo, moja kisha nyingine, ndefu, zikiachana kuliko mtu anavyoweza kupiga hatua, zikaenda mpaka katikati ya fungu zikasimama. Harufu ikakatika. Mto wa kiti cha mbele ukajaa hewa, ukawa mto tu.

Nahodha alirudisha boti nyuma. Moyo ulikuwa mwepesi mpaka akaona kizunguzungu. Aliwaza mtoto akitambaa kwenye sakafu ya nyumba yake, aliwaza chungu kikichemka, watu wakigombana kwa mema jikoni. Alikata usukani kugeuza, kama alivyougeuza pale maelfu ya mara, na mdomo wake, uliokuwa umesema maneno hayo kila mara alipoligeuzia fungu lile mgongo, ukayasema wenyewe.

"Tulieni, nitarudi kuwachukua."

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Alichelewa.

"Usichelewe," Bi Kamba alijibu kutoka mchangani, kwa sauti yake mwenyewe.

Hakumwambia mganga. Hakumwambia fundi wala mtu yeyote. Siku zilipita bila ulalo na bila harufu, akaanza kujidanganya kwamba ni upepo. Mvua ilipopungua, alivuka kumchukua binti yake.

Walikumbatiana kwenye gati la ng'ambo mpaka mtoto akalalamika. Nahodha aliwaketisha nyuma, karibu naye, akasema mbele kuna manyunyu. Binti alicheka. Alimwambia hajui toka lini baba amekuwa mwoga wa manyunyu, lakini alitii. Waliongea njia nzima. Habari za mtoto anayekataa uji, za mume, za mama. Nahodha alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kuumiza mbavu. Maji yalikuwa yamejaa, na fungu lilikuwa limefunikwa lote, halionekani. Alikuwa amepanga kulipita kwa mbali.

"Baba," binti aliuliza, "mbona unapunguza mwendo? Kuna mtu tunamchukua?"

Nahodha alitaka kusema hapana. Alitazama mkono wake. Ulikuwa umekwishaugeuza usukani, na injini ilikuwa ikinguruma polepole juu ya maji matupu, kama anavyofanya akiwafuata wageni. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, haukulazimishwa na mtu.

Boti ikazama kidogo. Na binti yake, bila hata kugeuka kuangalia, akamweka mtoto vizuri pajani, akasogea kumpisha anayepanda.